Vyuma vya Zamani na vya Sasa, Vilivyopimwa Mombasa

Fundi wangu wa mageti, ambaye karakana yake iko kando ya barabara huko Kongowea, hakuwahi kushika fimbo ya gofu mpaka asubuhi niliyompelekea mbili na kumwomba anipimie mwinamo wa nyuso zake, ambao ukiwa mdogo mpira huenda mbali, na ukiwa mkubwa hupanda juu na kuanguka karibu. Zote mbili zilikuwa zimepigwa muhuri wa namba 7. Alizibana moja baada ya nyingine kwenye jiliwa, akahakikisha mpini umesimama wima, kisha akaweka juu ya uso wa chuma kipimapembe kile kile anachotumia kukagua kona za madirisha. Ile ya zamani ilitoa digrii 38. Ile ya sasa ilitoa digrii 29. Alirudia kupima, kwa kuwa alidhani amekosea, halafu akaniuliza: "Ami, hizi mbona si ndugu? Nani aliyeziandika namba moja?"

Sikuwa na jibu fupi la kumpa siku ile, na tangu hapo nimekuwa nikilitafuta refu.

Seti ya zamani niliipata mwaka jana kutoka kwa familia ya jirani yetu wa Tudor, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika ofisi za meli na kujifunza gofu ukubwani. Alipofariki, wanawe hawakujua la kufanya na mfuko ule mzito wa ngozi uliokuwa umesimama nyuma ya mlango kwa zaidi ya miaka 20, nami, kwa kuwa ndiye pekee mtaani niliyeonekana kila Jumamosi nikipakia fimbo garini, nikaitwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na vyuma, yaani fimbo zenye vichwa vya chuma, kuanzia namba 2 hadi namba 9, weji mbili, ambazo ni vyuma vyenye mwinamo mkubwa vya kupigia karibu, na mende kadhaa waliokwisha kukauka. Vichwa vyake vimefuliwa Scotland na kupakwa kromu, na kwa umbo lake nakisia ni vya miaka ya 1970. Seti yangu ya sasa ni ya mwaka 2021, niliyoinunua ikiwa imetumika msimu mmoja tu. Mimi mwenyewe nina hendikapu ya 17, yaani si mtu wa kupigiwa mfano, na ninayoyasema hapa yanawahusu wenzangu wa kiwango hicho. Wachezaji wa kulipwa wana mafundi wao.

Namba zilizopigwa chini ya vyuma si za kale kama wengi tunavyodhani. Hapo zamani vyuma vilikuwa na majina: cleek kilikuwa cha kupiga mbali, mashie cha masafa ya katikati, niblick cha kuinua mpira kutoka penye taabu, na kati yao palikuwa na jamii nyingine, kama mashie-niblick, ambazo kila mhunzi aliziunda kwa mkono na jicho lake. Mipini ilikuwa ya mti wa hickory, ambao hupinda na kujisokota, na ilikuwa vigumu kupata miwili inayofanana kabisa. Marekani iliruhusu mipini ya feleji mwaka 1924, na R&A ya St Andrews, chombo cha kanuni za gofu cha huko Scotland, ikaridhia mwaka 1929. Viwanda vilipoweza kutoa maelfu ya mipini inayofanana, ndipo ilipowezekana kuuza seti nzima ya vyuma vinavyofuatana kwa hatua sawa, na namba zikachukua nafasi ya majina. Mifuko ikafura, wachezaji wengine wakawa wanatembea na fimbo zaidi ya 20, na wa kwanza kuujua uzito huo bila shaka walikuwa makedi, wale wabeba mifuko, hadi USGA, chama cha gofu cha Marekani, ilipoweka kikomo cha fimbo 14 mwaka 1938 na R&A ikafuata mwaka 1939. Lakini katika kanuni zote hizo hakuna hata moja inayosema chuma namba 7 kiwe na mwinamo wa digrii ngapi. Namba ni ya mtengenezaji. Akitaka kupiga muhuri wa 7 kwenye chuma ambacho baba yake angekiita 5, hakuna askari wa kumkamata.

Na wameipiga. Katika seti ya marehemu, kila chuma kimeachana na mwenzake kwa digrii 4 hivi: namba 5 ina 30, namba 6 ina 34, namba 7 ina 38, namba 8 ina 42 na namba 9 ina 46. Katika seti yangu ya 2021, weji yenye herufi P, inayofuata baada ya namba 9, ina digrii 43, kwa hiyo ni jirani wa karibu wa namba 8 ya mzee. Mipini nayo imerefuka: namba 7 yake ina inchi 36 na nusu, yangu ina 37, na kila nusu inchi huongeza kidogo mwendo wa kichwa. Basi mtu anayejisifu barazani pa klabu kwamba siku hizi namba 7 anaipiga yadi 155, ilhali zamani aliipiga 135, hajasema uongo, ila hajatueleza lolote kuhusu mikono yake.

Nilipotoka kwa fundi siku ile nilikuwa nimeshaandaa hasira. Niliamini tumeuziwa namba 5 zilizobandikwa namba 7 ili tujione tumepata nguvu uzeeni, na bado naamini kwamba biashara ina mkono wake katika jambo hili, kwa sababu hakuna kinachouza fimbo dukani kama mpira unaokwenda mbali zaidi kuliko ule wa fimbo uliyokuja nayo. Lakini hasira hiyo ilipungua nilipotazama uzito ulivyopangwa. Chuma cha zamani ni bapa: mgongo wake umejaa, na uzito wake umekaa nyuma ya katikati ya uso, juu kidogo na karibu na shingo. Cha sasa kimetolewa nyama mgongoni, na uzito umeshushwa hadi kwenye wayo. Seti nyingine hutiwa vipande vya tangsteni, madini yenye uzito wa karibu mara mbili na nusu wa chuma kwa ujazo ule ule, ili uzito huo ushuke zaidi. Uzito ukikaa chini, mpira hupanda. Kichwa cha namna hiyo kingeachiwa digrii 38 za zamani, mpira ungepaa kama tiara na kuanguka karibu na miguu ya aliyeupiga. Kwa hiyo mhandisi amesimamisha uso kwa digrii 9, na mpira unaruka kwa kimo kinachokaribia kile cha namba 7 ya zamani, lakini kwa kasi kubwa zaidi. Mwinamo na mpango wa uzito vimekwenda pamoja, na anayelalamikia mwinamo peke yake ameshika nusu ya habari.

Nusu ya pili ni kwamba uso uliosimama huupa mpira mzunguko mdogo wa kinyumenyume. Mpira unaruka kama wa namba 7, ila ukitua hauna adabu ya namba 7. Hukimbia. Kwenye grini zetu, yaani yale majani mafupi yanayozunguka shimo, ambazo mwezi wa pili huwa ngumu kama sakafu, mbio hizo ni jambo la kuhesabiwa kabla ya kupiga, la sivyo utautafuta mpira wako nyuma ya grini huku wenzako wakisubiri.

Tofauti ya kuundwa kwake ni ile ile ambayo mhunzi yeyote wa pwani angeitambua: kimoja kimefuliwa, kingine kimesubiwa. Chuma cha kufua huanza kama pande la feleji laini, likapashwa moto, likapondwa kati ya vibao viwili vya umbo, kisha likasagwa na kung'arishwa. Kwa njia hiyo ni vigumu kutengeneza uwazi mkubwa mgongoni. Chuma cha kusubu huanzia kwenye nta. Umbo la nta hufunikwa kwa ganda la udongo maalumu, nta ikayeyushwa ikatoka, na feleji isiyoshika kutu ikamiminwa ndani ya nafasi iliyobaki, ndiyo maana mtengenezaji wa namna hii anaweza kuweka shimo, ukingo na mkunjo popote apendapo.

Mtu aliyeigeuza njia hiyo kuwa desturi ya gofu ni Karsten Solheim, na kisa chake hunifurahisha kila ninapokikumbuka. Alizaliwa Bergen, Norwei, mwaka 1911, mwaka ule ule ilipoanzishwa klabu yetu ya Mombasa. Akakulia Marekani, akashona viatu, kisha akawa mhandisi wa General Electric, na alianza kucheza gofu akiwa amepita umri wa miaka 40. Fimbo ya kusukumia mpira shimoni ilimtesa, akajitengenezea yake mwenyewe, na mwaka 1959 akapata moja iliyolia "ping" ilipogusa mpira. Mlio huo ndio uliokuwa jina la bidhaa zake. Wazo lake lilikuwa kuondoa uzito katikati na kuusogeza pembezoni. Walioona wachuuzi wakibeba madebe mawili ya maji kwa mzega hawahitaji hesabu ili walielewe: aliyekumbatia debe kifuani huzungushwa kwa urahisi akipigwa kikumbo, lakini aliye na debe kwenye kila ncha ya mti hazunguki hivi hivi. Ndivyo kichwa cha chuma chenye uzito pembezoni kinavyokataa kugeuka mkononi pale mpira unapokipiga nje ya kitovu. Vyuma vyake vya Eye2, vilivyotoka mwaka 1982, ndivyo vilivyowafanya hata wenye majivuno waanze kuviacha visu vyao, yaani vile vyuma bapa vya zamani.

Eye2 vilileta pia ugomvi wa mifereji ya usoni, ile mistari iliyochongwa kwenye uso wa fimbo, ambao nitaupita haraka. Solheim alilainisha kingo za mifereji yake ya pembe mraba ili isichune ngozi ya mpira, USGA ikapima nafasi kati ya mfereji na mfereji kwa namna iliyozifanya fimbo hizo zionekane zimevunja kanuni, mawakili wakaingia, na mwaka 1990 wakapatana kwamba zile zilizokwisha kutengenezwa zibaki halali. Miaka 20 baadaye, mwaka 2010, kanuni mpya ilipopunguza ukali wa mifereji, Phil Mickelson, mchezaji wa kulipwa wa Marekani, alitoa kabatini weji ya Eye2 ya zamani na kuitumia mashindanoni bila kosa lolote, na kelele zikaanza upya mpaka kampuni yenyewe ilipokubali kuiacha haki hiyo, ili wachezaji wa kulipwa wasizitumie tena. Sisi wa Jumamosi mambo hayo hayakutugusa, kwa kuwa mifereji ya weji zetu ilikwisha kulika zamani.

Sasa niseme nilivyozijaribu. Kwa ruhusa ya msimamizi wa uwanja, nilikwenda asubuhi tatu mfululizo mwezi wa tatu, saa kumi na mbili, wakati upepo bado umelala na meli zinazoingia Kilindini zinaonekana kama zimesimama. Kedi wangu alikaa mbali akiweka alama mahali kila mpira ulipotua, nami nilipiga mipira 20 kwa kila fimbo, aina moja ya mpira kwa zote. Jambo hili la mpira lina maana. Vyuma vya marehemu vilitengenezwa wakati ambao nchi zilizofuata R&A zilikuwa bado na mpira mdogo wa Kiingereza, wenye kipenyo cha inchi 1.62, uliopigwa marufuku kabisa mwaka 1990 na kubaki huu wa inchi 1.68 tunaoujua. Mpira mdogo ulipenya upepo vizuri zaidi. Kwa hiyo vyuma hivi sikuvitendea haki kamili, ila sikuwa na pa kuupata mpira wake.

Siku ya kwanza nilifanya kosa la kila mtu, nikalinganisha namba 7 na namba 7. Mpya iliishinda ya zamani kwa yadi 18 hivi, nikarudi nyumbani nikiwa sijajifunza kitu. Siku ya pili nililinganisha digrii na digrii: namba 5 ya mzee yenye 30 dhidi ya namba 7 yangu yenye 29. Hapo ndipo mambo yalipogeuka kuwa ya maana. Mipira iliyopigwa sawasawa katikati ya uso ilipishana kwa yadi 4 au 5 tu, na sehemu ya yadi hizo inaelezwa na ile digrii moja. Miaka yote ile ya uhandisi, matangazo na bei, na kwenye pigo zuri tofauti ni hatua nne za mtu mzima!

Lakini ni mapigo mangapi yalikuwa mazuri? Kwa namba 5 ya zamani yalikuwa 6 kati ya 20. Kwa namba 7 mpya yalikuwa 11. Na pale nilipokosea, gharama haikuwa moja. Mpira uliogongwa na ncha ya fimbo mpya ulipoteza yadi 8 au 10 na kuangukia ukingoni mwa grini ya kubuni niliyoichora akilini. Kosa hilo hilo kwa fimbo ya zamani lilikula yadi 25, likaupeleka mpira kulia, na kunitumia salamu za tetemeko zilizopanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kedi, ambaye ni kijana na hakuwahi kuona seti ya namna hii ikichezwa, alirudi na mipira kikapuni akaniambia: "Mzee, hivi si vyuma, hivi ni visu. Vinamkata mwenyewe."

Wapo wanaosema kwamba tetemeko hilo ndilo mwalimu, kwamba anayejifunzia fimbo bapa hulazimika kujua mpira ulipoigusa fimbo, na hivyo hunyooka upesi. Nimelifikiria sana neno hili kwa sababu lina heshima ya wazee ndani yake. Nadhani ni kweli kwa kijana wa miaka 15 anayepiga mipira 200 kwa siku na ambaye kiwiko chake hakijaanza kumwambia hali ya hewa. Kwa mtu wa makamo anayecheza mashimo 9 mara moja kwa wiki, mwalimu huyo hupiga bila kufundisha, maana somo la Jumamosi hii huwa limesahaulika ifikapo Jumamosi ijayo. Hata hivyo siwezi kuficha kwamba yale mapigo 6 yaliyopatikana yalikuwa na raha ambayo seti yangu mpya haijawahi kunipa. Hayana mlio mkubwa. Mpira huonekana kama umeondoka kabla hujausikia, na mkononi hakubaki kitu. Fimbo mpya, hata ikipigwa vizuri, hulia kama sufuria iliyofunikwa, kwa kuwa uso wake ni mwembamba na nyuma yake ni tupu.

Uso huo mwembamba una tabia nyingine ambayo wauzaji huisifu nami naishuku. Umetengenezwa ubonyee kidogo na kurudi kama springi, ndani ya mipaka ya kanuni, na ndiko zinakotoka baadhi ya zile yadi za ziada. Katika mipira 20 ya namba 7 mpya, miwili iliruka yadi 12 zaidi ya wenzake bila mimi kuhisi tofauti yoyote mkononi. Mtu anayecheza karibu na maporomoko ya bahari huko Kizingo hahitaji zawadi ya yadi 12 asiyoiomba. Chuma cha zamani hakina springi. Pigo zuri la leo ni sawa na pigo zuri la jana, na ukifupika unajua ni wewe.

Siku ya tatu nilitaka kurudia yote kwenye upepo, lakini upepo haukuja, kwa hiyo ninayoyasema kuhusu upepo na ardhi nimeyaokota katika michezo ya kawaida tangu wakati huo. Wakati wa kaskazi, hasa Januari na Februari, majani yetu huwa membamba na udongo wa matumbawe chini yake hukakamaa. Wayo mpana wa chuma cha sasa, ambao umetengenezwa uteleze juu ya majani mazito, hugonga ardhi hiyo na kudunda, na ukingo wa mbele unaufikia mpira tumboni. Wayo mwembamba wa chuma cha zamani huingia chini ya mpira kama mwiko chini ya chapati. Nilishangaa sana mara ya kwanza, kwa sababu ni mahali pagumu ambapo fimbo ngumu ilikuwa rahisi. Mvua za masika zikifika mambo hupinduka: ardhi hulainika, wayo mwembamba huzama, na mtu huchimba badala ya kupiga, ilhali ule mpana hupita salama. Kwa hiyo swali la ipi ni nyepesi kuchezea lina majibu mawili kwa mwaka, na duka lisilojua kalenda yetu haliwezi kulijibu.

Kusi nacho kina maoni yake. Kinapovuma kutoka baharini kati ya mwezi wa tano na wa tisa, mpira unaopanda juu hushikwa na kusimama hewani, na fimbo ya sasa yenye uzito chini huupandisha mpira upende usipende. Namba 5 ya mzee, ingawa ina mwinamo unaokaribiana na namba 7 yangu, huupeleka mpira chini zaidi kwa sababu uzito wake umekaa juu. Ukiupata mpira katikati, unauona ukipita chini ya upepo kama mtu aliyeinamia mlango mfupi. Ukiukosa, upepo humaliza kazi uliyoianza vibaya. Mwaka 1950, kwenye uwanja wa Merion huko Marekani, bingwa Ben Hogan alipiga chuma namba 1 hadi kwenye grini ya shimo la mwisho la U.S. Open, miezi 16 baada ya ajali ya gari iliyokaribia kumuua, na keshoye akatwaa taji. Namba 1! Mimi namba 2 ya marehemu nimeipiga vizuri mara moja tu, na hapakuwa na shahidi.

Wageni kutoka bara mara nyingi hulaumu fimbo zao wakifika kwetu, kwa kuwa Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ina hewa nyepesi na mpira huenda mbali zaidi. Fimbo haijabadilika njiani. Ni hewa.

Suala ambalo sijaona likijadiliwa na waandishi wa nchi zenye baridi ni chumvi. Feleji laini ya vyuma vya kufua hulindwa na kromu peke yake, na kromu ikikwanguliwa na mchanga, hewa yetu huingia kazini usiku huo huo. Namba 8 na 9 za mzee, ambazo bila shaka ndizo alizozipenda, zina madoadoa ya kutu usoni kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nimejizoeza kuvipangusa kwa kitambaa chenye maji baridi mara tu nitokapo uwanjani, kuvikausha, na kuvipaka tone la mafuta ya cherehani. Seti ya sasa haishiki kutu, lakini ina ugonjwa wake: imeungwa kwa gundi. Kibandiko cha mgongoni cha namba 6 kilibanduka ndani ya buti la gari nililoliegesha juani mchana kutwa, na kichwa cha namba 9 kimeanza kulia ndani kama njuga. Vyuma vya mzee, vyenye umri wa karibu nusu karne, vimebadilishwa raba za mshiko tu, ambazo zilikuwa zimekauka na kuteleza kama sabuni.

Feleji laini ina faida nyingine, nayo ndiyo iliyonirudisha kwa fundi. Seti yangu ilikuwa na pengo ambalo sikuwahi kulielewa mpaka nilipozijua digrii: P ina 43, na weji ya mchangani ina 56. Kati yao kuna digrii 13 za jangwa, na ndani ya jangwa hilo ndimo nilimokuwa nikipoteza mapigo yangu mengi, nikiwa yadi 90 au 95 kutoka shimoni, ama nikiibana P ama nikiivuta weji ya mchangani kwa nguvu. Kiwanda kinajua pengo hilo lipo, ndiyo maana kinakuuzia weji nyingine ya kulijaza, kwa bei yake pekee. P ya marehemu ilipaswa kuwa na digrii 50 kwa hesabu ya ndugu zake, ila ilisoma 52, kwani chuma laini hujilegeza kidogo kidogo kwa miaka ya kugongwa ardhini. Nilimuuliza fundi kama angeweza kuirudisha. Aliibana kwenye jiliwa kwa vipande viwili vya mbao, akavisha bomba shingoni mwake, akavuta taratibu, akapima, akavuta tena. "Hichi chakubali," akasema. Nilipomwonyesha P yangu ya kusubu aligonga uso wake kwa kucha, akasikiliza, akanirudishia. "Hichi sikigusi, ami. Kitanivunjikia kisha tugombane."

Kwa hiyo mfuko wangu sasa una seti ya sasa kuanzia namba 5 hadi P, kwa sababu makosa yangu ni mengi na fimbo hizo zinayasamehe, na ndani yake kuna mgeni mmoja mwenye digrii 50. Namba 5 ya mzee huingia wakati wa kusi, na namba 8 yake wakati wa kaskazi ardhi ikikauka, na siku hizo kitu kingine hutoka ili tusipite 14. Nyingine zimerudi nyuma ya mlango, mlango wangu safari hii.

Shida iliyobaki ni kwamba nina fimbo mbili zenye herufi P. Kedi alipaka ile ya zamani rangi ya kucha nyekundu, aliyoichukua kwa dada yake, lakini bado huuliza kila mara ili asilaumiwe. Jumamosi iliyopita nilikuwa yadi 95 kutoka kwenye bendera, upepo ukitoka kushoto, akatia mkono mfukoni akasita. "Mzee, P ya nani? Yako au ya marehemu?" Nikamwambia anipe ya marehemu. Ilikuwa fimbo sahihi kabisa kwa masafa yale, na mpira ukaangukia mchangani upande wa kulia, kwa sababu niliupiga kwa ncha.